Siku za Aliyeshindwa

Wanaiita tuzo.
Neno lile lile la mtoto aliyefaulu,
la kombe, la cheti, la makofi ukumbini.
Yetu ilikuja ndani ya bahasha ya kaki,
kurasa sitini na mbili,
na mwisho wake tunadaiwa.

Msellem alikuwa na siku tatu kaburini.
Ofisi ya Ghala tupu, wote wako kwetu Mawaleh
wananywa kahawa na kuniombea subira,
hata mhasibu, hata dereva wa katapila.
Alibaki Motaleb mlinzi na kiti chake cha plastiki.
Tarishi akamwambia tia saini. Akatia,
kwa adabu, kama apokeavyo maji ya kunywa,
akaiweka bahasha juu ya sampuli za mabomba,
na mtu wa ghalani akaja akaweka sampuli nyingine juu yake.

Ilinifikia siku kumi na moja baadaye.
Sina wanja, sina udi.
Kwenye ukuta wa chumba cha eda nikatundika kalenda mbili:
ya mwezi, miezi minne na siku kumi;
ya mahakama, siku tisini.
Kila baada ya alfajiri nikakata mistari miwili,
mmoja kwa wino, mmoja kwa penseli,
maana ile ya pili sikuwa na hakika nayo.

Siku za mwizi ni arobaini.
Za aliyeshindwa, tisini.
Afadhali sisi kuliko mwizi, nikamwambia wifi yangu Ghaniya,
tukacheka,
kisha tukaonea haya kicheko.

Ghaniya alisema hutoki.
Sheikh akaulizwa kwa simu: kwa dharura, mchana, yajuzu,
ila usiku umkute kwake.
Dharura ni hospitali, akasema Ghaniya,
si bomba la maji la Barka.
Lakini nyumba hii tuliyokaa iliwekwa rehani kwa bomba hilo,
na saini ya pili ni yangu.
Hata hivyo nikangoja. Siku ninazo.
Nilizihesabu mwenyewe.

Siku ya themanini na nne nilitoka.
Jua likanitazama kama mtu asiyekumbuka jina langu.
Wakili Rayya alifungua faili
akaanza na karatasi ya mwisho, risiti ya tarishi.
"Motaleb ni nani?"
Mlinzi.
Akaizungusha kalamu yake mezani.
"Basi leo ni tisini na tano."

Nikamwambia nilifiwa.
Akasema, kwa upole, kampuni haifiwi.
Kampuni haikai eda.
Na hata tungewahi, mahakama isingeuliza
bomba lilipasuka kwa kosa la nani.
Ingeuliza tu kama waamuzi walistahili vile viti.
Na mmoja hakustahili! Alikuwa mshauri wa wale wenzetu,
kule Sohar, mwaka juzi, na hakusema.
Karatasi yake ninayo, imo mkobani.
Rayya akaisoma mara mbili.
"Hii ingetosha," akasema,
akanirudishia kwa mikono miwili,
kama mtu arudishavyo sahani ya jirani.

Nilifika nyumbani kabla ya adhuhuri.
Nikaiteremsha kalenda ya penseli;
nyuma yake ukuta mweupe kuliko ukuta.
Ile nyingine bado ina siku thelathini.
Hiyo haikupokelewa na mtu kwa niaba yangu.
Niliipokea kwa mkono wangu huu,
saa kumi kasoro robo za usiku,
nikimfumba macho.

Jioni Motaleb akapiga simu.
Maua ya mlangoni yamenyauka, mama,
niyatie maji, au ofisi inafungwa?
Nikanyamaza mpaka akadhani simu imekatika.
Yatie, nikamwambia.
Yatie tu.